Miwani ya uhalisia pepe na kilo zangu 98: nilipie kifurushi au niache?

MamaWawili_Nzuguni aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa wenye ujuzi, na wasio na ujuzi lakini wenye busara nao nawakaribisha.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka 43, mtumishi wa umma niliyehamia Dodoma mwaka 2019 pamoja na ofisi yetu. Siku nilipopakia vyombo Dar es Salaam nilikuwa na kilo 79. Leo nina kilo 98 kwa urefu wa sentimita 162, na nikipiga hesabu ya BMI, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu, napata 37, ilhali mtu huhesabiwa kuwa na unene uliokithiri anapofika 30. Ninameza dawa ya presha kila asubuhi, na goti la kulia huuma kila ninaposhuka kwenye basi la kutoka kazini Mtumba.

Sababu nazijua. Kazi yangu ni ya kukaa. Saa nne huja chai yenye chapati mbili na supu, vikao navyo havikosi sambusa na soda, na jioni pale kituoni kwetu kuna kibanda cha chips mayai ambacho harufu ya mafuta yake hunipokea kabla sijakanyaga ardhi. Nisiwafiche jambo la pili, kwa kuwa hapa hatujuani sura: watoto wakishalala, mara mbili au tatu kwa wiki nakula tena nikiwa nimesimama jikoni, taa imezimwa, na siachi mpaka sufuria iwe tupu. Kesho yake nasema sirudii, kisha narudia.

Sasa kuna gym moja hapa mjini inayotangaza kifurushi cha kupunguza mwili kwa miwani ya uhalisia pepe. Bei ni shilingi 480,000 kwa wiki 8, na tangazo linasema wateja hupoteza hadi kilo 12. Nilikwenda siku ya majaribio. Unavaa kitu kama miwani ya kuogelea iliyovimba, unashika vishikio viwili, na mara unajikuta umesimama kwenye ukumbi usiokuwepo, vibao vya rangi vinakujia kwa kasi ya muziki nawe unavikata kwa mapanga ya mwanga. Kwa dakika 15 nilicheka kama mtoto na blauzi ililowa mgongo mzima. Kisha mkanda uliteleza juu ya misuko yangu, miwani ikanishukia puani, nikapiga hatua upande na kuangusha chupa ya chai ya mhudumu. Nilipovua nilihisi kichefuchefu kidogo, kama niliyesafiri kwenye kiti cha nyuma cha basi kupitia kona za mlimani.

Maswali yangu ni mawili. Je, kuna ushahidi wa kitaalamu kwamba miwani hii hutibu unene, au ni biashara tu? Na kwa hali yangu, fedha hiyo niitoe?

* * *

Fiziotherapia_Makole alijibu:

Dada, pole kwa goti, na hongera kwa kuandika bila kujificha. Kazi yangu ni ya viungo, kwa hiyo nitajibu upande wa jasho na kuwaachia wengine upande wa jikoni.

Ahadi ya kilo 12 kwa wiki 8 inapimika kwa kalamu na karatasi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba nishati ya takribani kilokalori 7,700, hivyo kilo 12 ni zaidi ya 92,000; ukizigawa kwa siku 56 unahitaji upungufu wa kama 1,650 kila siku, Jumapili na siku za harusi zikiwemo. Mchezo ule wa kukata vibao, ukichezwa kwa kasi ya kawaida, tuseme unamfanya mtu atumie nishati mara tano ya anayotumia akiwa amekaa. Kwa uzito wako, nusu saa itachoma kama kilokalori 245, lakini 49 kati ya hizo ungezitumia hata kama ungekaa kwenye sofa, kwa hiyo faida halisi ni kama 200. Soda ya mililita 350 ina karibu 150. Unaona mwenyewe kwamba ile 1,650 haiwezi kutoka kwenye miwani, na kama kuna mteja aliyepoteza kilo 12, nyingi zilitoka kwenye sahani yake.

Hata hivyo sitaki uidharau. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na wagonjwa wangu wengi hawafikishi hata 40 kwa sababu wanachoka kabla misuli haijachoka. Hapo ndipo miwani inaposaidia, kwa kuuteka usikivu. Tangu miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, wamekuwa wakiwavalisha miwani wagonjwa walioungua moto wakati wa kusafishwa vidonda na kuwaingiza kwenye bonde la theluji ambako wanarusha matonge ya theluji, na maumivu wanayoyahisi yamekuwa yakipungua, kwa kuwa akili iliyoshughulishwa hubaki na nafasi ndogo ya kusikiliza mwili. Kuchoka nako ni hivyo hivyo. Uliniambia dakika 15 zilipita ukicheka; kwenye mashine ya kukimbilia ungekuwa ulishaitazama saa mara sita.

Kwa goti lako, chagua michezo ya mikono na kiwiliwili, uache ile inayokutaka uchuchumae kukwepa kuta. Unaweza hata kuanza ukiwa umekaa kwenye kiti imara kisicho na magurudumu.

* * *

Mzee_wa_Mpwapwa alijibu:

Binti yangu, nimesoma nikashika kichwa. Shilingi 480,000 ukakate vibao visivyokuwepo! Sisi tuliokulia Mpwapwa hatukuwa na gym, tulikuwa na miguu. Nunua raba nzuri, amka saa kumi na moja na nusu, zunguka mtaa wako huo wa Nzuguni mpaka jua lichomoze, na Jumamosi upande kilima cha Mlimwa taratibu ukiwa na chupa ya maji. Jioni upike ugali wa uwele na mlenda, uachane na mafuta ya kibandani. Fedha inayobaki mnunulie mwanao madaftari.

* * *

MamaWawili_Nzuguni alijibu:

Shikamoo mzee wangu, na ahsante. Ushauri wako niliufuata mwaka juzi kwa siku tisa. Siku ya tisa kijana wa bodaboda alipunguza mwendo, akaniendesha sambamba, akasema, "Mama, taratibu, lami itapasuka," na waliokuwa wakisubiri basi wote wakacheka. Nilirudi nyumbani na raba zile zipo kabatini hadi leo. Saa kumi na moja na nusu kuna giza na mbwa, na saa mbili jua la Dodoma linakuwa limeshapanda. Sitetei uvivu, mzee. Nilichokipenda kwenye miwani ni kwamba kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilitokwa jasho bila mtu kunitazama.

* * *

Mzee_wa_Mpwapwa alijibu:

Marahaba, binti yangu. Kwa hilo la bodaboda nimenyamaza. Ila mlenda usiuache.

* * *

Mwanasaikolojia_Kikuyu alijibu:

Nimesubiri niandike kwa utulivu, kwa sababu swali la kwanza la dada, lile la ushahidi, lina jibu ambalo matangazo ya gym hayalitaji kabisa. Utafiti mzito wa uhalisia pepe katika unene haukuanzia kwenye jasho. Ulianzia kwenye namna mtu anavyouona mwili wake na anavyopambana na chakula kilicho mbele yake, na huko ndiko nadhani shida yako kubwa ilipo.

Nianze na mwili. Mwaka 1998 watafiti wawili, Botvinick na Cohen, walionyesha jambo la ajabu: ukiuficha mkono wa mtu, ukaweka mbele yake mkono wa mpira, kisha ukavipapasa vyote viwili kwa brashi kwa wakati mmoja, baada ya muda mtu huanza kuhisi kwamba ule wa mpira ni wake. Maana yake ni kwamba picha ya mwili tuliyo nayo kichwani si jiwe. Ubongo huijenga kila wakati kutokana na macho na ngozi. Miwani ya uhalisia pepe imechukua jambo hilo ikalifanya kwa mwili mzima. Unatazama chini na kuona kifua, tumbo na mapaja ya umbo la kidijitali, avata kwa lugha ya vijana, na likifuata mienendo yako kwa usahihi ubongo hulikubali.

Huko Milano, Italia, Giuseppe Riva na wenzake wa taasisi ya tiba na utafiti ya Istituto Auxologico Italiano wamelifanyia kazi jambo hili tangu miaka ya 1990. Hoja ya Riva ni kwamba baadhi ya watu wenye unene hubaki wamefungwa na picha ya zamani ya miili yao, picha ya kutazamwa kutoka nje, mara nyingi iliyochorwa siku waliyochekwa au kudhalilishwa, na picha hiyo haifutiki hata kilo zikipungua. Nimekutana na wateja wa namna hiyo hapa hapa Dodoma: mwanamke amepungua kilo 20, lakini dukani bado anaomba gauni la ukubwa wa zamani, na akipita mlangoni anajigeuza ubavu. Mtu anayejiona bado ni yule yule haoni faida ya kuendelea, na hapo uzito unarudi. Mwaka 2013 kundi hilo lilichapisha matokeo ya jaribio la wanawake wenye unene uliokithiri na tatizo la kula kwa pupa, waliotibiwa kwanza wakiwa wamelazwa. Wote walipungua wakiwa hospitali. Baada ya mwaka mmoja, waliopata huduma ya kawaida pekee walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito waliopoteza, ilhali waliopata tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na tabia iliyoongezewa uhalisia pepe ndio walioonyesha kuendelea kupungua. Jaribio lilikuwa dogo, la wanawake 90, na si wote waliofuatiliwa hadi mwisho, kwa hiyo tulipokee kwa mikono miwili lakini bila vigelegele.

Sasa chakula, yaani jikoni kwako taa ikiwa imezimwa. Samahani dada nikilisema waziwazi: kula chakula kingi kwa muda mfupi, kwa siri, ukihisi breki zimekatika, kisha kujilaumu, jambo likitokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, lina jina katika vitabu vya tiba ya akili, ndilo hilo tatizo la kula kwa pupa, na lina matibabu. Si tabia mbaya wala si kukosa dini. Siwezi kukupima kwa maandishi, lakini ulichoeleza kinatosha kukufanya umwone mtaalamu kabla ya kumwona mwalimu wa mazoezi.

Kuna tiba moja iitwayo kukabili vichocheo. Ubongo wako umejifunza kwamba harufu ya kibanda, au sauti ya mfuniko wa sufuria usiku, lazima ifuatwe na kula, kama kengele ya shule inavyofuatwa na mapumziko, hivyo mate hutoka na moyo hukimbia kabla hujaamua lolote. Mtaalamu anakuweka mbele ya kichocheo, kuanzia kile kidogo kwenda kikubwa, unataja hamu yako kwa namba kuanzia 0 hadi 10, na unakaa hapo bila kula mpaka namba ishuke. Ikirudiwa vya kutosha, ubongo hujifunza kwamba kengele inaweza kulia na mapumziko yasiwepo. Shida ya kufanya hivyo ofisini kwangu ni kwamba siwezi kuleta jiko lako. Miwani inaweza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Barcelona, akina Ferrer-García na Gutiérrez-Maldonado, walitengeneza jiko, chumba cha kulia, chumba cha kulala na mgahawa ndani ya miwani, kila mgonjwa akiandaliwa vyakula vinavyomshinda yeye. Matokeo yao ya mwaka 2017 yalihusu wagonjwa 64 ambao tiba ya kawaida ilikuwa haijawatosha: asilimia 53 ya waliopewa miwani waliacha kabisa kula kwa pupa, dhidi ya asilimia 25 ya walioongezewa vikao vya kawaida.

Lakini hapa ndipo ninapotaka wasomaji wa Dodoma watulie. Vyakula vilivyomo kwenye majiko yale ni vyakula vya Wahispania na Waitaliano. Ukimwonyesha dada yetu piza inayong'aa, namba yake huenda isifike 3, kwa sababu piza haijawahi kumwamsha usiku. Kichocheo chake ni kaango jeusi la pale kituoni, mayai yakimiminwa juu ya viazi, kachumbari pembeni na pilipili kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko. Mpaka mtu atengeneze kibanda hicho ndani ya miwani, sehemu hiyo ya tiba kwetu bado ni viatu vizuri vya saizi ya mtu mwingine.

Kwa ufupi wa swali lako la pili: gym inakuuzia ile sehemu ya miwani yenye nguvu kidogo kwa bei ya ile yenye nguvu kubwa.

* * *

Fiziotherapia_Makole alijibu:

Nakubaliana, na niongeze jambo moja linalounganisha pande zetu mbili. Pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Jesse Fox na Jeremy Bailenson walionyesha mwaka 2009 kwamba watu walioona avata yenye sura yao wenyewe ikipungua kila wanapofanya mazoezi na kunenepa kila wanaposimama, walijituma kufanya mazoezi ya ziada kuliko wengine. Katika jaribio jingine, waliojiona wakikimbia ndani ya miwani walifanya mazoezi zaidi katika saa 24 zilizofuata kuliko walioona avata ya mtu mwingine ikikimbia. Kwa hiyo hata upande wa jasho, kinachosukuma ni kujiona. Ule mchezo wa vibao hauna hilo. Ndani yake dada anaona mapanga mawili tu.

* * *

Fundi_AreaC alijibu:

Mimi natengeneza kompyuta na simu, na miwani hizi zimepita mikononi mwangu kadhaa, nyingi zikiwa zimeanguka.

Kwanza bei, ili dada alinganishe. Quest 2, miwani ya kampuni ya Meta (zamani Facebook), ilipoingia sokoni mwaka 2020 iliuzwa dola 299 huko Marekani, na Quest 3 iliyofuata mwaka 2023 ilianzia dola 499. Hapa kwetu ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Zote zina uzito wa takribani nusu kilo, na uzito huo unakaa mbele ya uso, ndiyo maana shingo huuma. Betri hudumu saa mbili hadi tatu. Unahitaji nafasi tupu ya kama mita mbili kwa mbili, bila meza ya kioo, bila mtoto anayetambaa, na bila chupa ya chai. Intaneti inahitajika kuifungua na kupakua michezo, na michezo mingine hutozwa kila mwezi, jambo ambalo wauzaji hulisahau.

Usidanganyike na zile za kutia simu ndani, za karatasi ngumu au plastiki, mfano wa Google Cardboard ya mwaka 2014. Zile hufuata kugeuka kwa kichwa tu. Hazijui kwamba umesogea wala kwamba umeinua mkono, kwa hiyo mazoezi hayawezekani. Zinafaa kutazamia picha za mzunguko, basi.

Kichefuchefu husababishwa na macho kusema tunakwenda wakati sikio la ndani linasema tumesimama. Chagua michezo ambayo wewe umesimama na vitu vinakujia, anza na dakika tano, na ukihisi tumbo linageuka vua hapo hapo, usijikaze. Kuhusu misuko, legeza kwanza mkanda wa juu, pitisha fungu la nywele kwenye uwazi wa mkanda wa nyuma, kisha ndipo ukaze pembeni. Watu wengi hukaza kwanza, na ndiyo sababu miwani huteleza.

Na hilo la kibanda cha chips, Mwanasaikolojia, si gumu kama unavyodhani. Kutengeneza kibanda kwa michoro ya kompyuta ni kazi ya miezi, lakini kamera ya nyuzi 360 ikiwekwa kwenye kigoda mbele ya kaango kwa dakika kumi, unapata video ambayo mtu akiivaa anaona kila upande. Hutaweza kuigusa sahani, lakini utasimama pale.

* * *

Muuguzi_Mstaafu alijibu:

Mama wawili, kabla ya miwani yoyote, kapime presha na umweleze anayekuandikia dawa kwamba unaanza mazoezi, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huleta kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla, na kizunguzungu juu ya macho yaliyofunikwa ni kuanguka. Mwenye kifafa asivae bila ruhusa ya daktari. Maumivu ya kifua yakija, vua, kaa chini, nenda hospitali.

Usiweke pia lengo la tangazo. Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunatosha kushusha presha na sukari kwa watu wengi, na kwako ni kilo 5 hadi 10. Lenga hizo kwa miezi sita. Muone afisa lishe. Hospitali ya rufaa ya mkoa ipo mjini hapo hapo na Hospitali ya Benjamin Mkapa si mbali. Kwa wanaohitaji zaidi ya lishe na mazoezi, kuna dawa za sindano, kuna puto la tumboni ambalo Muhimbili–Mloganzila wamekuwa wakiliweka, na kuna upasuaji. Yote hayo yana masharti yake na yote huamuliwa na daktari, si na rafiki wa ofisini.

* * *

MamaWawili_Nzuguni aliandika baada ya wiki saba:

Nimerudi kuwapa taarifa, kwa maana ni utovu wa adabu kuchota maji kisimani na kuondoka bila kusema ahsante.

Nilirudi kwenye ile gym na kumuuliza mhudumu nani anasimamia kifurushi. Akasema ni yeye, na kwamba alisomea masoko. Niliuliza kama wanapima presha kabla. Akasema mashine ya presha ipo lakini imeisha betri. Nikaaga kwa heshima.

Mdogo wangu wa kiume, aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ana miwani aliyonunua mkononi kwa mtu. Ananiazima Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni. Nimesogeza makochi, nimetandika mkeka katikati ya sebule ili mguu wangu ujue mwisho wa uwanja ulipo bila kuona, na watoto wamepigwa marufuku kuvuka mkeka. Dakika 25, mikono tu, goti limenyamaza. Umeme ulipokatika Jumatano moja niliendelea kucheza kwa mwanga wa taa ya chaji na wao wakanicheka, kwa kuwa walikuwa wanaona kivuli cha mama yao kikipigana na hewa; lakini kicheko cha watoto wangu si kile cha kituo cha basi.

Afisa lishe alinipa daftari. Wiki ya kwanza nilijionea aibu kwa maandishi yangu mwenyewe: soda 9, chapati 13. Sasa ni chapati moja ya asubuhi na soda ni ya harusini. Mzee wangu wa Mpwapwa, mlenda upo, ila afisa lishe ameukata ugali wenyewe nusu.

Leo mzani umesoma 95.2. Najua, kwa hesabu ya Fiziotherapia, kwamba miwani imechangia labda chini ya nusu kilo na kilichobaki ni chapati na soda. Lakini bila zile jioni tatu sidhani kama ningelishika daftari.

Kwa Mwanasaikolojia wetu wa hapa jukwaani nimekwenda mara nne. Usiku wa jikoni umepungua kutoka mara tatu kwa wiki hadi mara moja. Na hapa nina swali. Mdogo wangu aliazima kamera ya nyuzi 360 na kwenda kurekodi kibandani. Muuza chips aliuliza kama atalipwa kama waigizaji, wakaelewana kwa sahani mbili, ambazo mdogo wangu alizila zote. Video ninayo. Niliivaa mara moja. Kaango lilikuwa pale, mvuke ulikuwa pale, hata kijiko kile chenye mpini uliofungwa mpira kilikuwa pale, na ingawa harufu haikuwepo niliihisi. Namba yangu ilikuwa 8. Je, niendelee kuitazama mwenyewe kila jioni?

* * *

Mwanasaikolojia_Kikuyu alijibu:

Usiendelee mwenyewe, dada yangu, tafadhali. Ukivua miwani ukiwa bado kwenye 8 na kibanda halisi kipo mita 200 kutoka mlangoni kwako, utakwenda kununua, na ubongo utakuwa umejifunza kinyume cha tulichokusudia: kwamba video hufuatwa na chips. Kikao kinamalizika namba inaposhuka, si video inapokwisha, na mara za kwanza hilo linaweza kuchukua dakika 40 au zaidi. Tena kibanda si mahali pa kuanzia. Kwenye orodha tuliyoiandika, chapati ya ofisini ilikuwa 4. Mwombe mdogo wako arekodi meza ya chai ya saa nne, kwa ruhusa ya wenzako, na uje na zote mbili Alhamisi. Kibanda tutakiweka kwenye kikao cha tano au cha sita cha miwani.

* * *

MamaWawili_Nzuguni alijibu:

Nimeelewa, nitakuja nazo. Nimeifuta kwenye miwani, imebaki kwa mdogo wangu. Fundi, swali dogo la mwisho: sifongo ile inayogusa uso imeanza kunuka jasho. Naruhusiwa kuifua?

* * *

Fundi_AreaC alijibu:

Usiiloweke. Itoe, huchomoka kwa kuvutwa, ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha ianike kivulini. Kivulini, dada, si juani, na miwani yenyewe usiiache dirishani hata dakika moja: lenzi zile hukusanya jua kama kioo cha kuwashia moto, na kwa jua letu hili skrini itaungua doa ambalo siwezi kulitengeneza. Kuna vifuniko vya silikoni vinavyofutika. Mwambie mdogo wako atafute kimoja.